Walio Chini ya Nyayo Zetu

Katika lugha yetu limo neno ambalo mfasiri hulikuta mara kwa mara, na kila alikutapo humpa taabu. Neno lenyewe ni kuzimu. Kamusi zatuambia kuwa ni makao ya wafu, chini ya ardhi, na maana hiyo haina kosa. Lakini litazame neno hili pamoja na jamaa zake: mzimu, wazimu, zimwi. Yanafanana kwa sauti na yanakaribiana kwa maana, kana kwamba waliotangulia kuisema lugha hii waliviona vitu hivi vyote kuwa vya mtaa mmoja: roho za waliokufa, akili iliyopotea njia, na dude lile la hadithi lenye kula watu. Kwa hiyo mfasiri akutanapo na kitabu cha kigeni kisimuliacho nchi iliyo hai chini ya ardhi, yenye bahari, misitu na wenyeji wake, neno kuzimu hulishika mkononi, akalipima, kisha akalirudisha mahali pake. Kuzimu hakuna arejeaye. Na hadithi anayoifasiri ni ya watu waliotaka kwenda na kurudi.

Makala haya ni ya watu hao, na ya yale yaliyopatikana walipokwisha kukata tamaa.

Hakuna umma usiosimulia habari za chini ya ardhi. Katika elimu ya maajabu iliyoenea katika nchi za Kiislamu, mwanachuoni Zakariya al-Qazwini, aliyefariki mwaka 1283, alieleza jinsi ardhi inavyochukuliwa na malaika, malaika akasimama juu ya jabali, jabali likawa juu ya fahali, na fahali juu ya samaki mkubwa. Fahali huyo si mgeni kwa watu wa mwambao. Wangapi miongoni mwetu hawakuambiwa utotoni kuwa nchi hutetemeka kwa sababu ng'ombe aibebaye dunia kwa pembe amechoka, na anaihamishia pembe ya pili? Masimulizi ya namna hii hayakuhitaji ushahidi, wala hayakumdhuru mtu. Yaliijaza nafasi iliyo chini ya miguu yetu ili isiwe tupu, maana akili ya mwanadamu haistahamili utupu.

Jambo jipya lilitokea pale hadithi ilipovaa kanzu ya elimu. Mwaka 1691 Edmond Halley, Mwingereza yule ambaye nyota yenye mkia ilikuja kuitwa kwa jina lake, alisimama mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya London akasoma risala iliyochapishwa mwaka uliofuata. Alisema dunia si pande moja. Ni kaka la unene wa maili 500, na ndani yake mna kaka la pili, kisha la tatu, na katikati kiini, kila kimoja kikizunguka kwa mwendo wake. Baina ya makaka hayo aliiweka hewa yenye kung'aa, ili viumbe watakaokuwamo wasikose mwanga. Hakuona sababu ya Muumba kuacha uwanja mpana namna ile bila ya wakaazi.

Tusifanye haraka ya kucheka. Halley hakuongozwa na ndoto. Aliongozwa na dira. Mabaharia wa zama zake walijua kuwa sindano ya dira haielekei kaskazini hasa, bali hupotoka kidogo, na kwamba upotofu huo hubadilika kwa mahali na kwa miaka. Nahodha aliyeamini vipimo vya babu yake angeweza kupeleka chombo mwambani. Halley alijiuliza: ni kitu gani kilichomo ndani ya ardhi chenye sumaku, nacho kinatembea? Isitoshe, hesabu ya Newton ya zama zile iliuonyesha mwezi kuwa mzito kuliko dunia kwa ujazo ulio sawa, kama 9 kwa 5. Hesabu hiyo ilikuwa na kosa, lakini Halley hakulijua. Aliona kuwa ikiwa dunia ni nyepesi kiasi hicho, basi sehemu yake kubwa ni uwazi. Kati ya mwaka 1698 na 1700 alisafiri mwenyewe katika bahari ya Atlantiki akipima upotofu wa dira, na mwaka 1701 akatoa ramani yake. Wazo la makaka hakuliacha. Mwaka 1736, akiwa na umri wa miaka 80, alichorwa picha ameshika karatasi, na katika karatasi ile yamo makaka yake, moja ndani ya jingine.

Baada ya mwanazuoni akaja mtunzi. Mwaka 1741 Ludvig Holberg, mzaliwa wa Norwei aliyeishi Denmark, alitoa kwa lugha ya Kilatini hadithi ya kijana Niels Klim aliyetumbukia katika shimo mlimani, akaangukia ulimwengu wa chini ambako raia wenye hekima ni miti, yenye kutembea na kusema. Kitabu kilichapwa Leipzig, mbali na mamlaka ya nchi ya mtunzi, na jina lake halikutajwa. Sababu yaeleweka. Miti ile ilikuwa ikizihukumu serikali na dini za watu wa juu, na kila msomaji mwenye akili alijua ni nani anayesemwa.

Mpenzi wa fasihi yetu hawezi kupita hapa bila ya kumkumbuka Shaaban Robert. Katika Kusadikika, kitabu kilichotoka mwaka 1951, nchi ya mfano imewekwa angani, na wajumbe wake hutumwa pande sita za ulimwengu, mbinguni na ardhini zikiwa miongoni mwazo. Hurejea na elimu ya manufaa, na ujira wao huwa ni kifungo. Sina dalili kwamba Sheikh Shaaban alimsoma Holberg, wala haja ya kumpa mwalimu wa mbali siioni. Ninachokitazama ni mizani ile ile: atakaye kusema kweli juu ya nchi yake huitafutia nchi nyingine, juu au chini, pasipofikika. Na tazama hila ya bingwa wetu. Kwa watu wa Kusadikika walioko angani, ardhi hii tuikanyagayo ndiyo dunia ya chini. Kumbe sisi nasi ni walio chini ya nyayo za wengine.

Holberg alijua kuwa anatunga. John Cleves Symmes hakutunga, aliamini. Alikuwa kapteni wa jeshi la Marekani, na tarehe 10 Aprili 1818, akiwa St. Louis, alitoa waraka kwa ulimwengu mzima kutangaza kwamba ardhi ina uwazi ndani, inakalika, na ina milango miwili mipana kwenye ncha zake za kaskazini na kusini. Aliomba wafuasi mia moja mashujaa wa kuondoka naye kutoka Siberia, kwa kulungu wa barafu na magari ya kuteleza, akaahidi kuwa wangeikuta nchi yenye joto na neema. Waraka aliutuma kwa watawala na vyuo, na pamoja nao akaambatisha hati ya kuthibitisha kuwa ana akili timamu. Hapa Kiswahili chatabasamu peke yake, maana kwetu wazimu na kuzimu ni ndugu, na mwenye kutaka kwenda huko kwa hiari yake sharti aonyeshe hati.

Bunge lilipokea maombi yake mwaka 1822 na mwaka uliofuata, likayaweka kando. Symmes alitembea mji hata mji akihutubia, afya ikamtupa, akafariki mwaka 1829. Kaburi lake lipo Hamilton, Ohio, na juu yake imewekwa tufe ya jiwe iliyotobolewa. Hata hivyo maneno yake hayakuzikwa naye. Mfuasi wake, Jeremiah Reynolds, aliyehutubu pamoja naye kwa muda, alifarikiana naye akaiacha ile habari ya milango, lakini hamu ya kwenda kusini hakuiacha. Aliisukuma serikali hata ikakubali. Mwaka 1838 merikebu sita zilitweka, zikarudi mwaka 1842 baada ya kufuata pwani ndefu ya bara la barafu la kusini. Mlango hawakuuona. Walirudi na ramani, na maelfu ya mimea, wanyama na vitu vya kazi ya mikono, ambavyo baadaye vilikuwa msingi wa hazina ya Jumba la Smithsonian. Reynolds mwenyewe hakuchukuliwa katika safari aliyoipigania. Ndivyo yalivyo mara nyingi: apandaye mbegu siye apakuaye chungu.

Ufaransa nako, mwaka 1864, Jules Verne aliwateremsha mashujaa wake katika volkeno ya Iceland, akawapitisha kwenye bahari ya chini ya ardhi yenye wanyama wa kale, akawatoa kwa volkeno ya Stromboli nchini Italia. Verne hakudai lolote kwa bunge lolote. Alifungua mlango kwa kalamu, na mlango huo haujafungwa hata leo.

Milango mingine ilifungwa, na waliofunga hawakuwa na kelele. Mwaka 1798 Henry Cavendish, mtu mwenye haya nyingi na maneno machache, alijifungia na mizani ya uzi na marisasi, akapima jinsi tufe moja livutavyo jingine. Kutokana na mvuto huo mdogo alihesabu kwamba dunia, kwa ujazo ulio sawa, ina uzito mara 5.48 ya maji. Majabali ya kawaida tuyaonayo juu hayafiki hata mara tatu. Basi ndani hamna uwazi. Ndani mna kitu kizito kuliko yote tuliyoyakanyaga. Mwaka 1906 Richard Oldham alitumia mitetemo ya matetemeko, ipitayo ndani ya ardhi kama sauti ipitavyo ukutani, akaonyesha kwamba dunia ina kiini. Na mwaka 1936 Inge Lehmann, bibi wa Kidenmarki aliyesoma michoro ya mitetemo kwa subira ya msoma hati za kale, alionyesha kuwa ndani ya kiini hicho mna kiini cha pili.

Leo twajua kuwa takriban kilomita 2,890 chini yetu huanza bahari ya chuma kilichoyeyuka, na ndani ya bahari hiyo kuna tufe gumu la chuma lenye nusu-kipenyo cha kilomita 1,220 hivi. Mwendo wa chuma kile cha majimaji ndio uizaao sumaku ya dunia, na ndio uifanyao dira ipotoke mwaka baada ya mwaka. Na tumrudie Halley kwa haki. Makaka yake hayakuwako, wala hewa yake yenye kung'aa. Lakini aliposema kwamba sindano ya nahodha inahangaishwa na kitu kitembeacho ndani kabisa, alisema kweli kiasi cha karne mbili na nusu kabla ya ushahidi kutimia. Alikosa jibu, hakukosa swali.

Kwa macho na mikono yetu tumefika wapi? Warusi walianza kuchimba katika rasi ya Kola mwaka 1970, na mwaka 1989 walifika mita 12,262. Huko joto lilikuwa kiasi cha nyuzi 180, mwamba ukalainika, na keekee ikashindwa. Kutoka hapo hadi kitovu cha dunia zimebaki zaidi ya kilomita 6,350. Lau dunia ingekuwa dafu, bado hatujaipita ngozi yake ya kijani.

Basi je, hadithi imekwisha? Hapa ndipo panapostahili kuhadhiriwa, maana wakati wanazuoni walipokuwa wakiufunga mlango wa majitu na wafalme, viumbe wa kweli walikuwa wakitokea kwa dirishani.

Wa kwanza wao aliandikwa kabla Halley hajasoma risala yake. Mwaka 1689 Johann Valvasor, akieleza nchi ya Carniola ambayo leo imo katika Slovenia, alitaja kijitu cheupe kilichotolewa na maji ya mapangoni, ambacho wanavijiji walikidhani kuwa mtoto wa joka. Mwaka 1768 kilipewa jina la kitaalamu, Proteus anguinus. Hakina macho ya kuonea, ngozi yake ina rangi ya mwili wa binadamu, huishi miaka mingi, pengine hata kufikia mia, na huweza kukaa miaka bila ya kula. Watafiti waliowafuatilia katika pango moja la Bosnia walitoa habari mwaka 2020 kwamba mmoja wao hakuhama mahali pake kwa muda wa siku 2,569. Miaka saba, katika giza, palepale. Majoka ya hadithi yana haraka mno.

Mwaka 1986, karibu na mji wa Mangalia nchini Romania, wachimbaji waliokuwa wakitafuta uwanja wa kujenga walitoboa pango la Movile, lililokuwa limezibwa kwa mamilioni ya miaka. Hewa yake ni nzito, maji yake yananuka salfa, na ndani yake walikutwa buibui, tandu, konokono na wadudu, zaidi ya aina 30 kati yao zisizopatikana popote pengine. Jua haliwahusu. Msingi wa chakula chao ni vijidudu vinavyochuma nguvu kutoka katika salfa na gesi za mwambani.

Afrika Kusini ilitoa makubwa zaidi, na haikuyatoa kwa wasafiri wa kifahari, bali kupitia migodi ya dhahabu, iliyochimbwa kwa jasho la watu weusi kutoka nchi nyingi za kusini mwa bara letu. Ikiwa kuna wanadamu waliowahi kuishi maisha yao chini ya ardhi, ni hao, na waraka wa kuwaita mashujaa haukuandikwa. Katika maji ya ufa wa mwamba kwenye mgodi wa Mponeng, kina cha kilomita 2.8, ilipatikana bakteria iliyotangazwa mwaka 2008 kuwa inaishi karibu peke yake kabisa, ikila haidrojeni izaliwayo pale miali ya urani inapoyapasua maji. Waliyoigundua waliipa jina la Desulforudis audaxviator, maneno ya mwisho yakiwa na maana ya msafiri jasiri, nao wameyachukua katika Kilatini kilichomo katika hadithi ya Verne. Na mwaka 2011, kutoka mgodi wa Beatrix, kilomita 1.3 chini, alitangazwa mnyoo wa nusu milimita, Halicephalobus mephisto, aliyepewa jina la shetani wa masimulizi ya Faust. Ndiye zimwi letu, naye hawezi kuonekana bila ya darubini.

Mwaka 2018 wanasayansi walioshirikiana kupima uhai wa chini walikadiria kwamba kaboni iliyomo katika viumbe hao ni tani bilioni 15 hadi 23, mamia ya mara kuliko ile ya wanadamu wote. Symmes alidhani ndani mna nchi tajiri. Imeonekana kuwa ndani mna umma mkubwa wa maskini, wenye kuishi kwa haba na kwa taratibu, na wasiomdai mtu kitu.

Nasi wa pwani hii hatuko mbali nao. Majirani zetu wa Somalia wana samaki aliyeelezwa na wataalamu mwaka 1924, Phreatichthys andruzzii, yaani samaki wa kisima. Hana macho, hana magamba. Utafiti uliotangazwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba saa iliyomo mwilini mwake haiongozwi tena na mwanga. Huongozwa na chakula, na mzunguko wake ni wa saa 47 hivi. Sisi tulioigawa siku kwa kuchomoza na kuchwa kwa jua, na tukaipangia sala na mashairi, tuna jirani ambaye siku yake ni mbili za kwetu.

Unguja yenyewe imejengwa kwa jiwe la matumbawe lenye mapango kama sega la asali. Katika pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, wachimbaji wa mambo ya kale wamekuta mifupa ya punda milia na nyati, wanyama wasioishi tena kisiwani, ishara ya zama ambazo bahari ilikuwa chini na kisiwa kimeungana na bara. Ulimwengu mzima uliopotea ulikuwa umefukiwa chini ya mchanga wa pango ambalo wazee walilijua siku zote. Na katika jiwe lilo hilo ndimo upitamo mvua, ukichujwa, hadi kwenye maji matamu ya visima vyetu.

Sasa nitasema lile lililonifanya nishike kalamu. Mtu akitaka kutupa taka pangoni, au kuelekeza maji machafu shimoni, hoja yake ni fupi: ndani hamna kitu. Wazee waliyatetea mapango kwa khofu. Walisema yana wenyewe, na mtoto hakuthubutu kutia hata jiwe. Khofu hiyo imepungua, na mahali pake hapajajazwa. Tusiirudishe kwa kuudanganya umma, tukisema kwamba sayansi imemthibitisha fahali na zimwi. Haikuwathibitisha. Imethibitisha jambo lenye kutulazimisha zaidi: kwamba kila tulipodhani pana utupu pamekutwa uhai, mdogo, mpole, usioweza kuhama wala kujitetea, na kwamba maji anayoishi kiumbe yule ndiyo hayo tuyatiayo katika mitungi yetu.

Kuzimu nimeshindwa kulifasiri, basi nimelitungia ubeti:

Usiseme mle ndani, ni giza na jiwe zima,
Wamo wakaao chini, kwa haba wamesimama,
Mtupa taka shimoni, ndiye mnywa wa kisima,
Teremka kwa imani, pima kwanza ndipo sema.